Sahani Zilizooshwa Mara Mbili

Kufika saa tano Norah Kenyi alikuwa ameosha sahani zote za asubuhi katika kibanda cha chakula cha Namukasa, mtaa wa Hai Amarat mjini Juba, akazipanga mezani zikauke. Kisha akavua aproni, akaingia nyuma ya pazia na kuvaa gauni la zambarau, la mwisho alilowahi kuvaa jukwaani Nairobi.

Miaka thelathini aliigiza huko, jukwaani na kwenye televisheni. Mwaka wa pili baada ya mkataba wa amani alirudi Juba, akawaandikia wenzake kwamba anafundisha maigizo serikalini. Aliandika hivyo kwa kuwa ndivyo alivyoahidiwa. Kazi ilikuwa bado ya "wiki ijayo", na wenzake kila Krismasi waliuliza habari za wanafunzi wake. Sasa Malual, kijana aliyekulia Nakuru, alikuwa akitengeneza filamu ya maisha yake, itakayoonyeshwa Nairobi. Walikubaliana asimame katika ukumbi wa serikali, atoe maneno ya malkia aliyewahi kumwigiza.

Malual alifika amechelewa, shati limelowa jasho. Karani wa ukumbi alisema barua ya ruhusa ina muhuri mmoja na inahitaji miwili, na mwenye muhuri wa pili yuko safarini Rumbek. Kamera ilitakiwa kurudishwa saa nane.

"Tufanyie hapa tu, Mama. Uvae ile aproni."

"Hatukukubaliana hapa."

"Najua. Lakini na hilo gauni unakaa mtu ameomoka, tajiri kabisa. Shirika linalolipia filamu linataka watu waone vile maisha ni ngumu."

Angekataa, filamu isingekuwepo. Kwa miaka mitatu hakuna aliyekuwa amemwelekezea kamera. Akavua gauni.

Sahani zilikuwa safi mno. Malual alichota maharage sufuriani, akazipaka moja moja. Norah akachuchumaa kwenye beseni, akaambiwa afikirie jambo la kuhuzunisha. Machozi yakatoka upesi.

"Yamewahi," Norah alisema. "Tuanze tena."

Mara ya pili tone lilidondoka pale pale lilipotakiwa. Wateja wawili wakapiga makofi. Namukasa akatikisa kichwa na kusema, "Huyu mama iko hatari." Norah aliinamisha uso. Kilichomtia aibu zaidi ni kwamba alikuwa amefurahi.

Malual akamwomba ataje jina na kazi yake.

Alikausha mikono kwanza. "Huyu mwanamke hana jina. Langu liweke mwisho, pale mnapoandika waigizaji. Andika: mwosha sahani, ameigiza Norah Kenyi."

"Lakini Mama, hii si mchezo. Ni maisha yako."

"Maharage nani aliyapaka?"

Malual alizima kamera. Alisema atazungumza na watu wa shirika, akaondoka bila kumtazama usoni.

"Mama Norah," Namukasa aliita taratibu, "watu nangoja sahani."

Norah alichuchumaa tena, akawapa wateja mgongo, akaziosha.