Kisanduku cha Chumba cha Nyuma

Fundi yule alikuwa hodari, hilo tusimnyime. Tatizo lake mdomo. Asubuhi ile alipoingia chumba cha nyuma cha dada yake, hata salamu hakumaliza.

"Kompyuta hii ya enzi zipi, bibi wewe? Haijui Wi-Fi! Inataka waya, na waya wenyewe uko wapi?"

Waya haukuwepo. Modemu ilikuwa sebuleni, na mwenye nyumba alishaapa kwamba atakayetoboa ukuta wake atahama siku hiyo hiyo. Na saa nne kamili dada mtu alikuwa na usaili kwenye kompyuta hiyo: kampuni ilitafuta mtu wa kuwasaidia wateja kwa mtandao, akiwa nyumbani. Mwaka wa tatu huo anatafuta kazi. Shati alishalipiga pasi.

"Usihofu, kakako yupo," fundi akasema, akatoa mkobani kisanduku kidogo. Kazi ya kisanduku hicho ni kunasa Wi-Fi na kuipitisha kwenye waya mpaka kwenye kompyuta. Akachomeka huku na huku. Ikabaki nywila ya modemu. Mume wa dada alikuwa ameibadilisha, naye shemeji huyo yuko kazini, simu hapokei.

Fundi hakuwa na subira. Akawasha intaneti ya simu yake mwenyewe, akaifanya simu irushe Wi-Fi, akaunganisha kisanduku nayo. Kwa kujaribu tu, alijiambia, shemeji akipatikana nitabadilisha. Taa ikawaka kijani, kompyuta ikafunguka, dada akapiga vigelegele. Akamsifu kaka yake mpaka kichwa kikavimba. Mara mteja wa mtaa wa pili akapiga kumhimiza. Huyo, akabeba mkoba akaondoka, simu mfukoni! Jamani, mtu aliyefanya kazi hiyo miaka kumi na miwili!

Saa nne kasorobo, akiwa juu ya ngazi kwa mteja, simu ikaita. Dada. Ikaita tena, na tena.

"Huyu ni hofu tu ya usaili," akamwambia mteja akicheka. "Nikimpokea ataniganda." Akaendelea kukaza skrubu.

Alirudi saa sita mchana, anapiga mluzi. Dada yake alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, shati halijakunjika hata kidogo, macho mekundu.

"Ilikatika, kaka. Na hiki kisimu changu cha vibonye kingenisaidia nini?" Kisha akashtuka. "He! Ona taa, imerudi yenyewe!"

Fundi akaitazama ile taa ya kijani. Mkono ukaenda mfukoni, kwenye simu.

"Kampuni walisemaje?"

"Niliwapigia. Nikawaambia kosa langu, nimegusa nisichokijua. Yule bwana akasema, asiyeweza mashine yake atawasaidiaje wateja?"

"Kwa nini ukasema ni wewe?"

"Sasa ningemtaja nani? Wewe huwa hukosei."

Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani. Angeweza kujitia hamnazo, dada asingejua kamwe. Akaitoa simu, akaizima. Taa ya kisanduku ikazimika mbele ya macho yao.

"Ni mimi," akasema. "Nilikiacha kisanduku kwenye intaneti ya simu yangu, nikaondoka nayo. Nisamehe, mdogo wangu."

Dada akaitazama taa, akaitazama simu.

"Nilikupigia mara tisa," akasema.