Dakika Nne za Mama Earlene

Saa kumi kamili alasiri, Jumapili, ukumbi wa chini wa kanisa la Greater Nebo ulikuwa umejaa mpaka watu wanaegemea kuta, na Renisha Tolliver alikuwa amejifungia chooni akinawa uso kwa mara ya tatu. Filamu yake ya kwanza ilikuwa inaonyeshwa leo. Mwingine angekuwa anarukaruka. Yeye alitamani asitoke humo, na wala si kwa woga wa kuonyesha kazi mbele ya watu. Ni kwa sababu ya Mama Earlene Whitlow, aliyekaa kiti cha mbele kabisa, mavazi meupe kuanzia kofia hadi viatu, akisubiri kujiona kwenye skrini. Na kwenye skrini hayumo.

Hayumo kwa sababu Renisha alimkata.

Haya, tuyaseme yote, maana mambo haya hayasemeki nusu. Mwaka mzima Renisha alizunguka Memphis akitafuta wa kumshika mkono. Wenye ofisi za kusaidia wasanii walimjibu kwa barua tamu, na kila barua mwisho wake hapana. Waliomshika mkono ni akina mama wa Greater Nebo. Ijumaa sita mfululizo walikaanga kambare, wakampanga kwenye sahani na tambi na saladi ya kabichi, wakauza pale uani mpaka kamera ikakodiwa. Na aliyesimama mbele ya karai la mafuta Ijumaa zote sita, kwa magoti yake yale ya miaka themanini na sita, ni Mama Earlene. Ukimwambia apumzike anakufokea: "Nikikaa mimi, samaki atageuzwa na nani? Wewe? Wewe unaunguza hata maji!"

Filamu yenyewe ni ya kijana anayerudi mtaa wa Orange Mound kufunga duka la kinyozi la marehemu baba yake, na katikati yake kuna maziko. Kwa maziko hayo Renisha alimwomba Mama Earlene aanzishe wimbo ule wa zamani, usio na kitabu wala kinanda: mzee mmoja anautupa mstari mbiombio peke yake, halafu kanisa zima linaupokea na kuuvuta polepole, neno moja linamaliza pumzi tatu. Waliokuwa wakijua kuuanzisha walikuwa tisa pale Nebo. Amebaki yeye. Aliimba dakika nne bila kurudia hata mara moja, na mpiga picha akalia mpaka kamera ikatikisika. Renisha akamkumbatia, akamwambia, "Mama, wewe ndiye moyo wa filamu hii." Aliyasema mwenyewe, kwa kinywa chake, na watu wakasikia.

Kisha akatokea Bi. Adrienne Sumpter, mwanamke mweusi mwenzao, anayechagua filamu za tamasha moja kubwa kule Atlanta. Filamu ikichaguliwa pale, mlango umefunguka. Aliitazama, akapiga simu, akasema ameipenda. Ila mwisho wao ni dakika kumi na tano, na hii ina kumi na tisa. "Na yule bibi," akasema, "anaimba vizuri, sikatai, lakini pale filamu inasimama. Mtoe yule, halafu tuzungumze."

Renisha alimtoa jioni ileile. Kukata hakukumchukua hata nusu dakika. Kusema ndiko kulikomshinda. Wiki tatu zikapita, na kila Jumapili Mama Earlene anamshika mkono mlangoni na kumwambia ameshawaalika fulani na fulani, naye Renisha anatabasamu. Tabasamu gani lile! Akifika nyumbani halali.

Mlango wa choo ukagongwa.

"Wewe, umehamia humo?" Ilikuwa sauti ya Cortez Bledsoe, mpiga kinanda wa kanisa, ndiye aliyetunga muziki wa filamu. Kanda zake mwenyewe huziuza kwenye buti la gari baada ya ibada, na hajawahi kupigiwa simu na mtu yeyote wa Atlanta.

Renisha akafungua. "Nakuja."

"Umemwambia?"

"Nitamwambia baadaye."

"Baadaye lini? Akishajitafuta akajikosa?"

"Cortez, usinipandishie sauti."

"Sijapandisha. Ile ndefu unayo?"

"Ipo kwenye kompyuta. Zipo zote mbili."

"Basi weka ile ndefu, mama wee! Ugumu uko wapi? Wenye filamu ni hawa hapa waliokaa na kofia zao."

"Bi. Sumpter amekaa nao. Amepanda ndege kuja kuona watu wanaipokeaje. Nikiweka ile ndefu ataniona kichwa kigumu, nimeambiwa sikusikia."

"Akuone."

"Rahisi kwako kusema."

Cortez akacheka kicheko kikavu. "Rahisi? Muziki wote nimeujenga juu ya sauti ya yule mama. Ulipomkata, na mimi ulinibomolea ukuta. Nilisema kitu? Nilinyamaza. Unajua kwa nini? Kwa sababu na mimi naitaka Atlanta. Kwa hiyo usidhani nakuhubiria. Nakuambia tu kwamba mimi usiku nageukageuka kitandani kama kambare kwenye karai, na kisu hata sikukishika."

Renisha akajifuta uso kwa kiganja. Akampita.

Ukumbini Dada Vernita, mkuu wa wahudumu, glavu nyeupe mikononi, alikuwa anawapanga watu kwa ukali. "Sogeeni mbele! Viti vya mbele havina miiba. Ndugu Harold, kunja miguu, hapa si sebuleni kwako." Alipomwona Renisha akamnong'oneza, "Jipake hata mafuta ya mdomo, mwanamke. Unaonekana kama unayepelekwa mahakamani."

"Renisha! Njoo nikuone, mwanangu." Mama Earlene alikuwa amenyoosha mikono yote miwili. "Nimekuja na watu kumi na mmoja. Wale wawili pale wametoka Mississippi asubuhi. Niambie kweli, kofia hii haiwazibi walio nyuma? Niivue?"

"Usiivue, Mama."

"Maana nisije nikajiziba mwenyewe kwenye skrini!" Akacheka mpaka mabega yakatikisika, na ukoo wake wote nyuma ukacheka.

Renisha akachuchumaa mbele yake. Sasa, akajiambia, sema sasa, maneno mawili tu. "Mama, kuna kitu nataka kukwambia."

"Kipi hicho?"

Pembeni, chini ya saa ya ukutani, Bi. Sumpter akainua kidole kuonyesha kwamba muda umefika. Alikuwa na daftari dogo pajani na kalamu tayari.

"Imekupendeza," Renisha akasema. "Kofia. Imekupendeza sana."

Alipofika kwenye kompyuta zilikuwapo zote mbili, ndefu na fupi, moja juu ya nyingine. Cortez alikuwa amesimama nyuma yake. Renisha alimtazama Mama Earlene, akamtazama Bi. Sumpter, na wala asije akamdanganya mtu kwamba mkono uliteleza. Aliifungua ile fupi.

Watu waliipenda, si uongo. Walicheka kinyozi alipobishana na mteja, wakaitikia "Sema, bwana!" kijana alipougombeza mlango wa duka usiofunguka. Maziko yalipofika ukumbi ulitulia. Mama Earlene akajiweka sawa, akamshika mjukuu wake mkono. Jeneza likapita. Kisha, bila wimbo, bila chochote, kijana akaonekana amerudi dukani anafagia nywele sakafuni.

Vichwa viwili vitatu vikageuka. Renisha hakuwa anaitazama skrini. Alikuwa anautazama uso wa Mama Earlene, kwa sababu ndio aliokuwa akiuogopa. Macho ya yule mama yalikuwa wazi kabisa. Hayakufumba, hayakulegea. Aliendelea kusubiri. Alisubiri kipande kilichofuata, akasubiri kingine, mpaka filamu ikaisha na majina yakaanza kupanda. Na jina lake likapanda pamoja na ya wengine, Earlene Whitlow, mwanzishaji wa wimbo, kwa sababu Renisha hakuwa na moyo wa kulifuta.

Makofi yakapigwa. Wengine wakasimama. Bi. Sumpter alikuwa anaandika haraka haraka.

Mama Earlene hakupiga makofi. Alikuwa ameikunja mikono pajani, uso umemshuka. Akamwita Renisha kwa kidole, na Renisha akaenda, akijua kinachomngoja. Kwa kweli alikuwa anakitaka. Afokewe, aitwe mchoyo wa fadhila mbele ya kanisa zima, yaishe.

"Mwanangu," Mama Earlene akasema, "nisamehe."

"Nini, Mama?"

"Nimelala." Sauti ilikuwa ndogo. "Umenitengenezea kipande changu, watu wametoka Mississippi, halafu mimi nimekaa kiti cha mbele nikasinzia. Jina langu nimeliona pale mwisho. Wimbo wenyewe umenipita."

"Mama, si hivyo..."

"Ngoja nimalize. Kinachonitisha, sikumbuki kusinzia. Nilijua niko macho. Nimeliona jeneza, halafu ghafla namwona kijana anafagia. Dada yangu Lucille alianza hivihivi. Dakika zilikuwa zinamdondoka moja moja, mpaka mwisho akawa hanijui mimi ni nani."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Watu wa karibu walikuwa wamesikia, na ukimya ukaenea mstari hadi mstari. Dada Vernita akamtazama Renisha. Yale macho! Alikuwa ameelewa yote. Kisha akainama, akamfuta Mama Earlene shavu kwa glavu yake.

"Umeimba vizuri, Mama," akasema. "Tumelia wote."

"Kweli, Vernita?"

"Kweli. Muulize Ndugu Harold."

"Amina," Ndugu Harold akasema, akiangalia sakafu.

"Basi ashukuriwe Mungu," Mama Earlene akasema. "Kumbe ni mimi tu niliyekosa."

Renisha akafumbua mdomo. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi: nilikukata, Mama, hukulala, akili yako ni nzima kuliko yangu. Na hapo ndipo mkono ulipomgusa begani. Bi. Sumpter aliinama sikioni mwake, ananukia marashi, akanong'ona, "Umepita. Ilivyo hivihivi, usiguse kitu. Na mpiga muziki wako aje Atlanta."

Cortez alisikia. Renisha alimwona anavyofumba macho na kushika ukingo wa meza.

"Renisha," Mama Earlene akaita tena, akaushika mkono wake kwa vidole vyenye makovu ya mafuta ya moto. "Mbona hunijibu? Umekasirika, na una haki. Lakini nisamehe mbele ya hawa watu, nipate kwenda nyumbani na amani. Umenisamehe?"

Ukumbi mzima ulikuwa unamsubiri.

"Nimekusamehe, Mama," Renisha akasema.

Mama Earlene akashusha pumzi ndefu, akauinua ule mkono akaubusu. "Asante, mwanangu," akasema. "Una moyo mzuri."