Tone la Pili Halikuvimba

Karatasi ya rendez-vous, ya miadi yetu hospitalini, ilitutaka tulete vitu vitatu: sindano mpya, glovu na pamba. Nilivileta. Haikuandikwa popote kwamba kuna dawa ambazo mtoto hapaswi kunywa kabla ya kupimwa, na kosa hilo nusura limuue binti yangu.

Plamedi ana miaka kumi na mmoja, na moyo wake uliathirika baada ya ugonjwa wa viungo. Kila mwezi huchomwa penisilini ili moyo usiharibike zaidi. Lakini mara ya mwisho, dakika kumi baada ya sindano, alitokwa na vipele mwili mzima na midomo ikavimba. Daktari akaamua ngozi yake ipimwe kwanza, kabla hajachomwa tena.

Muuguzi, Papa Élysée, alimdunga matone mawili madogo chini ya ngozi ya mkono, akayazungushia wino. La kwanza lilikuwa penisilini iliyozimuliwa sana. La pili, alisema, ni histamini, ambayo huvimbisha ngozi ya kila mtu. Tusubiri dakika ishirini, na mtoto asijikune.

Plamedi hakujikuna. Alipiga miayo, akalala kwenye mapaja ya kambo yake, yaani bibi yake, Mama Berthe, aliyemzaa mume wangu. Saa tatu asubuhi, mtoto analala. Ningepaswa kushtuka hapo hapo.

Muda ulipoisha, Élysée aliutazama mkono akiwa bado mlangoni. Foleni nje ilikuwa ndefu na dawa alikuwa ameshaichanganya.

"Iko négatif, Mama Plamedi. Tumutie sindano yake."

Nikaangalia mwenyewe. Ndani ya maduara yote mawili ngozi ilikuwa sawa kabisa.

Nina diploma ya kemia, na kwa miaka kumi na mitano nimepima shaba katika maabara ya kiwanda. Kila asubuhi tunaanza na sampuli ambayo shaba yake tunaijua. Mashine ikisema haina kitu, hatuandiki kwamba mawe yote ya siku hiyo hayana shaba. Tunayatupa majibu yote, tunatafuta kilichoharibika.

"Ya pili nayo haikuvimba," nikamwambia. "Ulisema inavimba kwa kila muntu. Mutoto yangu haiko muntu?"

Alijibu kwamba ngozi za watoto hutofautiana. Nikasimama kati yake na Plamedi, nikamwambia hamgusi mpaka anieleze. Ndipo alipouliza, kwa mara ya kwanza, mtoto amekunywa nini wiki hii. Nilikuwa najibu kwamba hajanywa kitu, wakati Mama Berthe alipofungua mkoba wake na kutoa chupa ya sirapu ya prométhazine, ile ya mafua na kuwashwa, inayoleta usingizi. Nusu ilikuwa imeisha.

"Miye nilimupa, jana na leo asubui," akasema. "Mukono ikivimba, watamukatalia sindano, na moyo itamuua. Nilitaka apite."

Apite, kama vile ni mtihani wa shule. Niliyomwambia mama mkwe wangu siwezi kuyarudia mbele ya padri. Kisha nikamgeukia Élysée, kwa kuwa yeye alijua kwamba dawa hiyo huzuia ngozi kuvimba, na bado alituagiza sindano, glovu na pamba tu. Alisema jambo hilo linajulikana na kila mtu. Nikamuuliza ni nani aliyemwambia kambo. Ile penisilini akaimwaga.

Tulirudi baada ya siku kumi bila sirapu. Histamini ilivimba. Penisilini ilivimba zaidi, kubwa kama punje ya haragwe, wekundu ukiizunguka. Mama Berthe aliushika mkono ule, akautazama. Daktari alibadilisha dawa: vidonge visivyo na penisilini, asubuhi na jioni. Kambo ndiye anayevitoa, na mimi ninahakikisha.

Kabla ya kuondoka nilichukua rundo la karatasi za rendez-vous mezani kwa Élysée, pamoja na kalamu yake. Chini ya neno pamba nikaandika: siku saba kabla, usinywe dawa ya mafua wala ya kuwashwa mpaka umuulize daktari, sema dawa zote unazokunywa, usiondoke kabla hawajautazama mkono wako kwa karibu. Niliziandika zote arobaini, foleni ikisubiri. Élysée hakunizuia.