Mafuta Yaliyokuwa Ndani ya Chuma

Mimi nina ugonjwa wa kuota mchana. Mume wangu Nashon husema ukiniambia jambo nikiwa kwenye ndoto zangu, heri uuambie ukuta, na sina la kujitetea. Siku niliyokwenda Kawangware kununua nyavu za grili, niliota tangu nilipofika hadi niliporudi.

Grili yenyewe ni ya gesi, yenye vichomeo vitatu. Niliachiwa na mama mmoja niliyempikia miaka mingi, alipohama. Nyavu zake zilikuwa nyaya nyembamba tu, zimepinda na kuliwa na kutu, na harusi ya Hadia ilikuwa Jumamosi. Hadia ni binti ya Mabruka, mwenye nyumba wangu hapa Makina, na Mabruka alikuwa ameniomba mimi, si mwingine, niwachomee wageni kuku.

Acha niseme jambo hilo lilikuwa na uzito gani. Nimepanga kwake miaka kumi na moja. Tumeuguziana watoto, tumesaidiana kwenye misiba. Lakini hajawahi kula kitu kilichopikwa na mkono wangu. Nikimpelekea sahani huipokea kwa mikono miwili, hunishukuru, kisha baadaye naiona sahani ile kwa mpangaji wa chumba cha mwisho. Kwangu nguruwe hupikwa kila Krismasi, anajua, na simlaumu. Ila nilitaka ale. Nilitaka hilo kuliko sifa za wageni mia mbili.

Nicanor, muuza vyombo vya mitumba kule Kawangware, alikuwa na nyavu za aina mbili. Kulikuwa na za stenlesi, nyepesi, za kung'aa, na kulikuwa na za chuma cha kusubu, nzito, nyeusi tii. Nilizipima hizo nyeusi kwa uzi niliokuwa nimeufunga mafundo nyumbani, zikalingana kabisa.

"Mathe, chukua hizi nzito," Nicanor aliniambia. "Stenlesi ukiweka kuku baridi juu, inapoa. Hii ikishika moto imeshika. Na nyama haing'ang'anii. Imechoma nguruwe miaka sita kwa joint fulani hapo nyuma, imekunywa mafuta vizuri."

Maneno hayo niliyasikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Mimi nilikuwa nimeshafika Jumamosi. Nilikuwa namwona Mabruka ameshika paja la kuku, anatafuna polepole, amefumba macho. Nicanor aliniuliza mara mbili kama nataka gunia la kubebea.

Alhamisi asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabati, niliitoa grili uani tufanye majaribio mimi na Mabruka. Chuma cha namna hii hakitaki haraka. Unakipasha moto robo saa kifuniko kikiwa kimefungwa, ndipo unakipitishia kitambaa chenye mafuta kidogo. Nilipofunua, hewa ilikuwa ikicheza juu ya nyavu, na ukuta wa upande wa pili ulionekana kama unapumua. Nikawaona wanawake wa Kinubi, jamaa zake Mabruka, wameingia uani wamejifunga nguo zao za gurbaba za rangi zote, hawatembei, wanaelea tu, na kila mmoja ana sahani. Sijui nilisimama hapo muda gani.

Mabruka alikuja na beseni la kuku waliochinjwa na mdogo wake, Anwar. Akainama kuangalia.

"Mama Audrey, hizi chuma zimekunywa mafuta vizuri."

Ndipo nilipoamka. Sauti ya Nicanor ilinirudia yote, na ile miaka sita yake.

Sitajifanya malaika. Nilifikiria kunyamaza. Moshi ni moshi, na Nicanor hangekuja harusini. Nilishika koleo, nikamchukua kuku wa kwanza.

"Huyo ni wangu," Mabruka akasema. "Leo nataka nionje mkono wako."

Nikazima gesi. Nikamrudisha kuku kwenye beseni.

"Mama Hadia, hizi nyavu zimechoma nguruwe. Niliambiwa, na sikusikia. Pole. Pole sana."

Akajinyoosha.

"Uliambiwa lini?"

"Jumanne."

"Na leo ni Alhamisi," akasema, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nilikaa juu ya ndoo nikijitukana kimoyomoyo. Harusi nilijua imenitoka, na hilo lilikuwa dogo. Miaka kumi na moja nimesubiri mlango, na ulipofunguka nikaingia na nguruwe.

Mlango ukafunguka. Mabruka alikuwa na bakuli la udongo mkono mmoja, jerikeni la maji mkono wa pili.

"Mara saba," alisema. "Ya kwanza na udongo. Ndivyo najisi inavyotolewa kwetu. Sugua wewe, mimi nitahesabu."

Nilisugua. Mabruka alihesabu kwa sauti, na mara ya nne akasema sikufika kwenye pembe, nirudie. Weusi ule niliokuwa nimeupenda ulitoka na maji, chuma kikabaki cha kijivu, uchi, na kutu ikaanza kujitokeza tukiangalia. Nikakikausha haraka juu ya moto. Alileta chupa yake ya mafuta ya simsim. Nikapaka kidogo sana, nikapangusa, nikakiacha kitoe moshi, nikapaka tena. Tulirudia hadi adhana ya adhuhuri.

"Kitang'ang'ania nyama," nilimwonya. "Bado hakijazoea."

"Weka."

Nikaweka. Kuku akiwa tayari chuma chenyewe humwachia, lakini hiki hakikumwachia. Nilipomgeuza, ngozi yote ilibaki kwenye nyavu, vipande vyeusi vilivyochanika. Niliona aibu hata nikashindwa kuinua uso.

Mabruka alichukua kisu. Akaikwangua ngozi ile pale pale juu ya moto, akaipuliza, akaitia mdomoni. Akatafuna macho wazi. Akakwangua nyingine.

"Chumvi haijafika, Mama Audrey," akasema. "Jumamosi ongeza."