Mwanya wa Pélagie

Siku ya soko Endiinzi, Pélagie alikuwa akimpimia mteja maharagwe pale Mukarukundo, muuza samli wa meza ya jirani, alipomtazama usoni, akatazama simu yake, kisha akamtazama tena.

"Cheka kidogo," Mukarukundo akamwambia.

"Nicheke nini?"

"Cheka tu, nnyabo, mama wewe."

Ombi lenyewe likamchekesha. Na Pélagie alipocheka hakujua kuficha: kichwa nyuma, mdomo wazi, mwanya wa meno ya juu unaonekana hata na aliye ng'ambo ya barabara. Mukarukundo akapiga makofi.

"Ni wewe! Ni wewe wa meno!"

Akamgeuzia simu. Lilikuwa tangazo la kliniki moja ya meno ya Mbarara, lililokuwa likizunguka TikTok na kwenye makundi ya WhatsApp. Picha mbili ubavu kwa ubavu. Kushoto alikuwa Pélagie, kwenye kitenge chake cha kijani, akicheka siku ya ubatizo wa Pasaka. Chini yake wameandika: Kabla. Kulia alikuwa Pélagie yuleyule, kitenge kilekile, lakini mwanya umezibwa na kompyuta na meno yamenyooka kama ukuta wa matofali. Chini yake: Baada.

Pélagie hakuwa amewahi kukanyaga kliniki ya meno. Picha ile alipigwa na Joël, mpiga gitaa wa kwaya yao, naye akaiweka kwenye ukurasa wa kwaya ili ndugu walio mbali waione. Kumbe na wasio ndugu waliiona.

Njia nzima ya kurudi Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi, aliupapasa mwanya wake kwa ulimi. Mwanya ule alikuwa nao mama yake, na bibi yake pia. Kwao Fizi, ng'ambo ya mpaka, msichana mwenye mwanya hakukosa wachumba, na mumewe Constantin mwenyewe alikiri kwamba ndio uliomvuta hadi mlangoni kwao. Sasa mtu asiyemjua kauandika kama ugonjwa.

Nyumbani kwao, karibu na Kabazana, Constantin alisikiliza mpaka mwisho. Kwanza akakasirika. Halafu hasira ikamtoka, woga ukaingia.

"Mama Elisée, achana na hao batu," alisema. "Siye tuko bageni hapa. Mugeni hapelekake mwenye nyumba kwa kesi."

"Bageni habana sura yabo?"



Kila wiki mwanasheria mmoja wa Mbarara, Swabrah, alikuja Nakivale kusaidia watu bila malipo. Pélagie alipomwonyesha tangazo, Swabrah alilitazama, akamtazama mwenyewe, akatikisa kichwa.

"Mama, kuna sheria ya kulinda taarifa za mtu. Uso wako ni taarifa yako. Mfanyabiashara hawezi kuuchukua akatangazia biashara yake bila wewe kukubali."

"Hata kama miye ni mukimbizi?"

"Sheria haiulizi kama wewe ni raia. Inauliza kama wewe ni mtu."

Pélagie aliyarudia maneno hayo polepole. Kisha akauliza, "Na akikataa?"

"Tutalalamika Kampala. Kuna ofisi ya serikali ya kazi hiyohiyo. Lakini kwanza twende tumwone mwenyewe."

Wakaenda. Pélagie alivaa kitenge kilekile cha kijani, kwa makusudi. Walipoingia kliniki, wagonjwa waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi wakainua macho, mmoja baada ya mwingine, wakayapeleka ukutani kwenye bango la tangazo, wakayarudisha kwake.

Mwenye kliniki, Latif, kijana nadhifu mwenye kanzu nyeupe, alitoka ndani haraka.

"Mama, hiyo picha mimi natoa kwa internet," alisema baada ya kuelezwa. "Kitu ya internet ni ya kila mtu."

"Nguo yangu nikiianika inje," Pélagie akamwuliza, "inakuwa ya kila mutu?"

Benchi la wagonjwa likaguna. Swabrah akamweleza Latif sheria inasemaje, kwa sauti ya chini, bila kutisha. Latif akaketi kwenye benchi, kama mgonjwa.

"Wallahi, mimi nilidhani ni mtu wa mbali. Ghana huko."

"Hata wa Ghana ana meno yake!" ilisema sauti nyuma ya meza ya mapokezi. Alikuwa Hajati Rahmah, mama yake Latif, ambaye alikaa pale kupokea wagonjwa. Akasimama, akaja akamshika Pélagie mkono. "Nilikuambia, Latif, hiyo tangazo ni mbaya. Muzigo, huu mwanya, ni urembo! Mama, unajua nini? Wasichana wanakuja hapa wananionyesha picha yako, hii ya kushoto. Wanauliza kama daktari anaweza kuwatengenezea muzigo kama huo."

"Banataka mwanya?" Pélagie hakuamini.

"Wanataka! Hii ya kulia hakuna mtu anaitaka!"

Pélagie akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia, maana alikuja kwa ugomvi, lakini kicheko kikamshinda, kikamkamata Swabrah naye, kikaenda mpaka kwenye mabenchi. Mzee mmoja aliyevimba shavu alicheka huku amelishika, akilia "Mama wee, mnaniua."

Latif alibandua bango mbele yao. Akafuta tangazo kwenye simu, akawapigia aliowatumia nao wafute. Kisha akaandika ombi la radhi kwenye ukurasa wa kliniki, kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili kwa sababu Pélagie alitaka aweze kulisoma mwenyewe. Jina la Pélagie halikutajwa, na picha haikuwekwa.

Alipomaliza, Latif alisimama mikono nyuma.

"Mama, naomba kitu moja. Ile picha ya kushoto peke yake. Tuandike tu, 'Cheka vizuri.' Unaniruhusu? Tutaelewana bei."

Pélagie alitaka kulionja kwanza swali lile. Tangu ahame kwao, wengi walikuwa wamempiga picha: wenye magari, wenye vesti za mashirika ya misaada, wageni wa siku moja. Hakumkumbuka hata mmoja aliyeuliza.

"Sasa umeniuliza vizuri," alisema. "Aksanti mingi. Jibu ni hapana."

Hajati Rahmah akapiga kigelegele. Latif mwenyewe akacheka, akainamisha kichwa, akasema sawa.

Hajati hakuwaacha waondoke na njaa. Aliwapeleka nyumbani kwake, nyuma ya msikiti, akawapakulia pilau, na wale wawili, yeye na Pélagie, wakazungumza kama waliolelewa pamoja.

Jioni, gari liliposimama Nakivale, Constantin alikuwa anasubiri na nusu ya kwaya. Alikuwa amewaambia wote alikokwenda mkewe.

"Banakufokea?" akauliza kwa wasiwasi.

"Banatupikia pilau."

Ilibidi Pélagie asimulie palepale barabarani, na tena nyumbani, na tena majirani walipokuja. Kila aliposimulia, sauti ya Hajati ilizidi kuwa kubwa. Joël alitaka sehemu ya shavu lililovimba irudiwe. Constantin alitaka ile ya "hapana", na kila ilipofika alitazama watu wote usoni kuhakikisha wamesikia. Maharagwe yaliungua jikoni, wakayala hivyohivyo.