Mwanamke wa Kasumbalesa

Kila mchana, kabla ya kula, Daniella alifumba macho kwa nguvu hadi pua ikajikunja, akaomba.

"Yesu, uchunge papa ku Kasumbalesa. Uchunge malori yote. Uchunge na ile chauffeur alinipatiaka bonbon. Amen."

"Na mama?" Falonne aliuliza, kijiko cha sombe, mboga ya majani ya muhogo, kikiwa hewani.

"Mama iko hapa," Daniella akajibu, akanyoosha mkono kumega ugali wa bukari.

Mtoto alikuwa na miaka minne na hakuona ubaya wowote katika jibu hilo. Falonne alimpakulia sombe, akajipakulia na yeye, akala kimya.

Mume wake, Élie, alikuwa déclarant Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye ofisi za forodha na makaratasi ya watu ili mizigo yao ipite. Malori yanapojipanga kule hayangojei mtu aliyelala mbali, kwa hiyo Élie alipanga chumba hukohuko, na nyumbani, mtaa wa Bel-Air, alifika Jumamosi mchana na kuondoka Jumatatu kabla ya jua. Kabla ya mtoto, Falonne alikuwa akiuza dawa katika duka la mjini. Alipojifungua waliketi wawili, wakakubaliana kwamba abaki na mtoto. Hakulazimishwa. Alipenda kumlea Daniella katika njia ya Bwana, wasemavyo kanisani, na siku nyingi aliipenda kazi hiyo kweli: kuwasha makaa asubuhi, kumwogesha mtoto kwenye beseni, kumsimulia habari za Daudi huku akichambua majani ya lengalenga, kumjibu kwa nini Mungu haonekani na kama Mungu naye huenda choo.

Lakini Jumamosi ilipofika, alijiona amekuwa mtumishi katika nyumba ya watu wawili wanaopendana.

Daniella alimsikia baba yake akisukuma mlango wa lupango, ua wa nyumba yao, kabla Falonne hajasikia chochote. Alikimbia bila viatu. Élie alimrusha juu, akamdaka, akatoa biskuti na juisi za Zambia mfukoni, na kuanzia hapo sheria zote za wiki zilikufa. Hakuna kulala mchana. Viatu vya kanisa vilikanyaga matope. Falonne akisema hapana, baba na mtoto walitazamana na kucheka chini chini.

"Mama iko mukali," Élie alinong'ona.

"Mama iko mubaya!" Daniella alipaza sauti kwa furaha.

Ulikuwa mchezo tu. Falonne alijua ni mchezo, na aliingia jikoni asionekane uso.

Halafu ikaja malaria. Daniella alianza kuchemka kwa homa Jumatatu jioni. Falonne alimfunga mgongoni, akampeleka kituo cha afya, na huko akalala kwenye kiti cha plastiki huku akishikilia mkono wenye sindano ya dripu ya sérum ili mtoto asiuchomoe usingizini. Alimfuta matapishi. Alimwimbia hadi sauti ikakauka. Ijumaa waliruhusiwa. Jumamosi Élie alifika akiwa amejaa hofu, akamkumbatia mtoto, akampa biskuti, na Daniella, ambaye tangu jana alikataa uji, akala biskuti zote.

Kesho yake kanisani Élie alisimama mbele kutoa shukrani, mtoto mkononi. Aliongea vizuri, watu waliitika.

"Na weye, mutoto," mchungaji akauliza, akimsogezea Daniella kipaza sauti, "nani alikuponyesha?"

"Yesu," Daniella alisema. Akafikiri. "Na papa."

Kanisa zima lilicheka na kupiga makofi. Falonne alipiga makofi pia. Mikono yake bado ilikuwa inanuka dawa ya kituo cha afya, na alihisi kitu cha moto kikipanda kutoka tumboni hadi kooni na kukwama hapo.

Kilikuwa bado kimekwama Jumatano, akina mama walipokutana kwa maombi sebuleni kwa Mama Madeleine. Mama Madeleine alikuwa kiongozi wao, mjane mwenye sauti nzito ambaye akikushika mkono hauponyoki. Aliuliza nani ana mzigo, na Falonne, aliyekuwa na desturi ya kuombea wengine tu, akasikia mdomo wake unafunguka.

"Niko na wivu," alisema. "Mu nyumba yangu mwenyewe. Unanikula, bamama. Kila samedi, kila mwisho ya juma, unanikula."

Mama Madeleine alisogeza kiti.

"Huyu muntu," aliuliza taratibu, "anaikala ku Kasumbalesa?"

Falonne alikuwa anamwona Élie, mkono wake chini ya makalio madogo ya Daniella, kanisa likimpigia makofi. "Ndiyo. Anaikala kule."

"Aa, Yesu! Na mutoto? Mutoto anamujua?"

"Mutoto anamupenda kunipita miye." Hapo machozi yakamshinda.

Akina mama waliinuka kwa pamoja. Mikono ilimwangukia begani, mgongoni, kichwani, na Mama Madeleine akaanza kuomba kwa sauti ya kutetemesha vikombe.

"Ule mwanamuke wa Kasumbalesa, tunamukatala mu jina ya Yesu! Afungashe bintu yake! Aachilie bwana ya dada yetu!"

Falonne alifumbua macho. Ndipo alipoelewa walichoelewa wao. Alitaka kusema, hapana, hakuna mwanamke. Lakini Christiane, jirani yake, alikuwa amepiga magoti mbele yake na kumfuta pua kwa ncha ya kikwembe alichojifunga mwenyewe, na Falonne alikumbuka kwamba wiki nzima ya ugonjwa hakuna aliyemuuliza kama yeye amekula. Alifumba macho tena. Maombi yalipokwisha, alisema Amen.

Siku zilizofuata akina mama walipita kumwona. Mmoja alileta avoka, mwingine samaki wa kukausha. Walikaa naye kwenye mkeka wakamwambia pole, wakamsifu jinsi anavyomtunza mtoto peke yake. Mama Madeleine alitangaza kufunga kwa kikundi kizima.

"Juu ya nini bamama banatuletea bintu?" Daniella aliuliza.

"Banatupenda."

"Na papa banamupenda?"

Falonne alimwambia amalize uji wake. Kila siku alijiambia atasema ukweli kesho, na kila siku pole za wanawake zilikuwa tamu mno kuziacha.

Jumapili, ibada ilipokwisha, Mama Madeleine alimngojea Élie mlangoni na kumshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Papa Daniella, siye tunajua yote. Tunafunga kula juu yako. Umuache ule mwanamuke, urudie kwa bibi yako. Mungu angali anakupenda."

"Mwanamuke gani?"

"Wa Kasumbalesa, papa. Usijifiche."

Élie aligeuka kumtazama mke wake. Falonne aliinama kufunga kiatu cha Daniella, ambacho kilikuwa kimefungwa tayari.

Nyumbani, Élie alimtuma mtoto akachezee uani, akaketi bila kuvua koti.

"Nani alikuambia niko na mwanamuke?"

"Hakuna muntu."

"Uliona kintu mu téléphone yangu?"

"Sikuona kintu."

"Sasa?"

Falonne alisimama akiwa ameegemea ukuta. Aliona aibu kuliko kama angekuwa anakiri wizi. "Wivu yangu haiko ya mwanamuke. Iko ya weye. Weye na mutoto. Ni bamama bo benyewe balielewa vingine, na miye nikaachilia."

"Wivu ya miye?" Élie alikaribia kucheka, kisha kicheko kikamfia. "Falonne. Kanisa mzima banafunga kula juu yangu. Kama ungeniwazia mwanamuke, ningejua nijibu nini. Sasa hii nijibu nini? Nimuambie mutoto asinipende?"

"Wakati ya malaria nililala ku kiti. Weye ulikuya na biscuit. Ukasimama mbele ya bantu, bakakupigia mikono, na hata jina yangu hukutaja."

"Sikutaja?"

"Hapana."

Ilionekana wazi kwamba Élie alikuwa anatafuta kumbukumbu na haipati. Lakini hasira yake haikuisha kwa hilo. "Mercredi, ku maombi, utaenda kubaambia," alisema hatimaye. "Weye mwenyewe. Miye siwezi kutembea mu quartier, mbele ya majirani, namna hii." Usiku huo kila mmoja alilala akitazama upande wake.

Jumatatu Élie hakuondoka. Madereva wa malori walikuwa wamegoma, mpaka ulisimama, na rafiki yake alimpigia simu kumwambia asipoteze nauli. Alirudi sebuleni, akavua viatu.

"Bon," alimwambia Falonne kwa ukali kidogo. "Wiki hii mutoto ni wangu. Weye pumzika, nione hii kazi yenye unaililia."

Siku ya kwanza ilikuwa sikukuu. Baba na mtoto walipika mayai, wakavunja sahani, wakacheka. Falonne alifua nguo akisikiliza vicheko vyao, na kila kicheko kilimchoma. Hakutoka kuangalia.

Jumanne biskuti zilikwisha. Daniella alitaka nyingine, Élie akasema hakuna, Daniella akajitupa chini. Alimwaga uji juu ya simu ya baba yake, na Élie akafoka kwa sauti ambayo mtoto hakuwahi kuisikia kutoka kwake. Mchana alikataa kulala. Jioni alikataa kuoga. Élie alitoka bafuni akiwa amelowa kuliko mtoto.

Jumatano asubuhi alikaa na Daniella kwenye mlango wa nyuma ili amsuke nywele. Falonne alikuwa anaanika mashuka nyuma ya nyumba, nao hawakumwona. Élie alivuta chanuo kama mtu anayepalilia. Daniella alilia, akajikunyata, akatoka chini ya mikono yake.

"Papa," alisema kwa heshima kabisa, "utarudia lini ku Kasumbalesa?"

Falonne alishika kamba ya nguo. Furaha ilimjia ghafla, ya moto, ikamjaza kifua. Amesema! Kwa mdomo wake mwenyewe! Alisogeza shuka kidogo ili aone.

Élie alikuwa bado ameshika chanuo hewani. Alijaribu kutabasamu kwa ajili ya mtoto, na tabasamu likakataa upande mmoja wa uso. "Karibuni, mama," alimjibu mtoto. "Karibuni."

Falonne aliachia shuka. Furaha haikuondoka; ilibaki palepale, na ndiyo iliyomtia haya. Alikuwa ameomba kitu hiki bila kukitaja, na sasa alichopewa kilikuwa uso ule.

Alipotokea, Daniella alimkimbilia na kujificha kwenye kikwembe chake. "Mama, unisuke weye. Papa hajui."

Ingekuwa rahisi kuketi na kumaliza kwa dakika chache. Mikono yake ilitaka. Alimshika mtoto bega, akamrudisha katikati ya magoti ya baba yake.

"Papa hajamaliza. Ikala."

"Anaumizaka!"

"Nitamuonyesha." Aliketi kando yao. Akaongea na Élie bila kumtazama usoni. "Paka mafuta kwanza. Shika nywele hapa, karibu na kichwa, ili usivute ngozi. Uanzie chini."

"Hapa?"

"Chini tena."

Ilichukua asubuhi nzima. Mistari ilienda upande, msuko mmoja ukasimama juu kama pembe, na Daniella alinung'unika hadi mwisho. Élie hakusema asante. Alisema tu, "Na hii unaifanyaka kila wiki?"

"Kila wiki."

"Hm," alisema, akajinyoosha mgongo.

Mchana Falonne alienda kwa Mama Madeleine. Alingoja wimbo uishe, akasimama kabla hajaogopa.

"Bamama, munisamehe. Hakuna mwanamuke ku Kasumbalesa. Bwana yangu haiko na kosa. Miye nilikuwa na wivu juu mutoto anamupenda papa yake kunipita. Muliponielewa vibaya, nilinyamaza."

Christiane alianza kucheka, akaziba mdomo, akashindwa. Mama mwingine akacheka pia, kicheko cha mtu anayejua jambo hilo. Mama Madeleine hakucheka.

"Tulifunga kula, Mama Daniella. Na miye niko na ulcère ya tumbo."

"Ninajua, mama. Munisamehe."

"Nilimushika papa ya bantu mukono mbele ya kanisa."

"Ndiyo, mama."

"Dimanche, ku kanisa, tutaenda wawili kumuomba pardon," alisema mjane. "Lakini kama kuko mwanamuke na unamuficha, Mungu anaona." Hadi leo Falonne hana hakika kama Mama Madeleine alimwamini.

Mgomo uliisha siku chache baadaye. Élie alirudi mpakani, maisha yakashika njia yake, na Jumamosi iliyofuata Daniella alikimbia tena bila viatu. Kile kitu cha moto kilipanda kwa Falonne, kidogo kuliko zamani, lakini kilipanda. Alimsalimu mumewe, akajifunga kikwembe kizuri, akasema anaenda kwa dada yake na hatarudi kabla ya jioni. Walikuwa wamepanga hivyo kwenye simu. Kwa dada yake alikunywa Fanta, akasikiliza habari za ndoa za watu, na mara nyingi akajikuta anawaza kama wameshakula na wamekula nini.

Aliporudi jua lilikuwa linazama. Daniella alikuwa amelala sebuleni, miguu michafu, uso umepakaa juisi. Élie alikuwa anaosha sufuria iliyoungua.

"Aliniulizia?" Falonne aliuliza, akitandika kikwembe chake kwenye kiti kana kwamba jibu si muhimu.

Élie alifikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya. "Mara moja," alisema. "Alitaka kujua sukari iko wapi."

Ilimuuma. Lakini jinsi Élie alivyosimama pale na sufuria yake, akiogopa jibu lake mwenyewe, ilimfanya acheke, akacheka hadi akalazimika kukaa. Kisha akachukua kitambaa, akakilowesha maji, akaenda kumfuta mtoto miguu polepole asimwamshe.