Kulabu Mbili

...kifungu cha nne, ngazi yoyote ifungwe juu na chini kabla mtu hajaipanda, alikuwa anasoma kwa sauti ile ile ya kusomea tangazo la kukatika maji, na wala hakuwa anasikia anachokisoma, maana macho ya Uweso yalikuwa kwenye ubao wa mahudhurio uliokuwa unapita mkono kwa mkono kati ya mafundi, umetoka kwa Miraji sasa uko kwa yule wa pembeni yake, kalamu imefungwa kwa uzi wa katani ili isiibwe, na kila anayeupokea anainama anasaini upesi upesi bila kusoma hata neno, ngazi ifungwe, haya, imefungwa, nani hapa hajui kufunga ngazi, hili ni toleo la tatu la mwongozo tangu jengo litoke kwenye msingi, na kila toleo likija linakuja na karatasi yake, na kila karatasi inataka majina thelathini na moja, leo thelathini... thelathini tu, kwa sababu jina la Rahimu limepigwa mstari wa wino mwekundu, Rahimu yuko wodini siku ya tisa tangu aanguke jukwaani, na nyonga iliyovunjika, na injinia Nehemia amesimama hapa hapa ubavuni na faili la kijani kwapani, na ndani ya faili mna taarifa ya ajali, kurasa mbili, ya pili ina mstari mtupu unaongoja saini ya ofisa usalama wa saiti, ambaye ni yeye, chini ya maneno yaliyokwisha kuchapwa, mfanyakazi alifundishwa matumizi ya mkanda mpya wa usalama, akakiuka mafunzo kwa uzembe wake. "Mkaguzi anafika saa mbili, mzee Uweso," Nehemia alimnong'oneza, "ukimaliza hapo unasaini tu." Unasaini tu. Tangu aache mwiko wa uashi na kuvishwa hiki kizibao cha rangi ya chungwa, kazi yake yote imekuwa unasaini tu.

Kifungu cha tano, maji ya kunywa yawe karibu na wafanyakazi, "yawe na barafu!" akadakia mtu nyuma, wakacheka, naye akatabasamu kwa mdomo tu, Rahimu ndiye angesema hivyo, Rahimu alikuwa na maneno, Jumanne ile ya kufundishwa mkanda mpya kulikuwa kimya na Uweso alijua kwa nini, Rahimu hayupo, kavuka pantoni alfajiri kwenda kumzika babu yake ng'ambo ya Pangani, alipiga simu, ami nimefiwa, naomba unishikie nafasi, na nani angekataa, hapa saitini ukikosekana mara tatu nafasi yako anapewa mwingine, hawajali ulikuwa harusini au makaburini, kwa hiyo watu wanashikiana, mtu akienda kuzika mwenzake anamsainia, ni jambo la kawaida kama kumpokea mtu mzigo, yeye mwenyewe alisainiwa mama yake alipofariki, na hakuna aliyeona ubaya, ubaya gani, jina tu kwenye karatasi... akaishika kalamu, hii hii yenye uzi, akaandika Rahimu kwa mkono wake, na ile R yenye mkia mrefu, R aliyofundishwa madrasa enzi ilipokuwa inafundisha hata herufi na hesabu, mtu yeyote angeiweka kando ya mwandiko wa Uweso angeijua, ila nani anazitazama karatasi hizi zikishajaa, zikishajaa zimeshajaa.

Na siku hiyo ndiyo alifundisha vizuri, Mungu anajua, hakusoma tu, alipanda mwenyewe na magoti yake mabovu kwenye jukwaa la mabomba, akawaonyesha, jamani mkanda wa zamani ulikuwa na kulabu moja, ukifika kwenye nguzo unafungua unapita unafunga, huu una mbili, ukipita nguzo unafunga ya pili kwanza ndipo unafungua ya kwanza, usiwe hata nukta moja huna kulabu iliyoshika, wakajaribu mmoja mmoja mpaka Kombo akalalamika kwamba jua limemchoma, thelathini wakajaribu. Thelathini. Na Alhamisi Rahimu akarudi, shikamoo ami, marahaba, pole na msiba, tumeshapoa ami, akavaa mkanda mpya, na Uweso akamwona anavaa, na neno likamjia mdomoni, huyu umemwonyesha?... akaangalia ubao, akaliona jina, lina saini, akaweka alama ya vema. Hapo ndipo panapomchoma. Karatasi aliyoidanganya yeye ikamgeukia ikamdanganya yeye, naye akaiamini kana kwamba si yeye aliyeiandika, nusu dakika ingetosha, njoo Rahimu nikuonyeshe hizi kulabu, nusu dakika, na asingekwenda kule juu kwenye nguzo ya kona akazifungua zote mbili pamoja, kama alivyozoea kufungua ile moja, ili apite.

"Kifungu cha sita, mzee," Nehemia akamkumbusha, naam, cha sita, kofia ngumu ifungwe kamba ya kidevuni, na midomo yake ikaendelea peke yake huku yeye yuko Makorora, kibarazani kwa Rahimu, mkewe Mwamvua ameketi kwenye kigoda anakamua nazi, hakusimama, hakulia, alimwamkia kwa adabu zake zote, kisha akauliza, "Ami, nambie, wanasema mume wangu alifundishwa huo mkanda Jumanne. Jumanne mimi nilikuwa naye matangani Pangani. Alifundishwa na nani?" na alikuwa anauliza kweli, hakuwa anamsuta, alidhani labda kuna Jumanne nyingine, na Uweso, mtu mzima wa miaka hamsini na minane, akajibu, tutaangalia karatasi mwanangu. Tutaangalia karatasi! Akaondoka hata chai hakunywa, akaona haya mpaka barabarani. Akisaini taarifa hii, Rahimu ataachishwa kazi angali kitandani, na barua ya uzembe itamtangulia kila saiti Tanga nzima, hakuna atakayempa jukwaa fundi mzembe, hata akipona. Asiposaini... asiposaini ni yeye, hiki kizibao atavuliwa leo hii, na kwa magoti haya atarudi kubeba nini, amechoka, Wallahi amechoka, anatamani mtu mwingine yeyote awe ndiye aliyeandika ile R.

"Ami Uweso!" Msafiri huyo, kaunyanyua ubao juu, kalamu inaning'inia, "nimsainie na Kombo? Kafiwa na shangazi, yuko Pongwe kwenye maziko." Akauliza kwa sauti, mbele ya injinia, na injinia akatazama saa yake tu, na wengine wakasogea kutafuta kivuli, hakuna aliyeshtuka, kwa nini washtuke, Msafiri ana moyo mzuri, uso wake umejaa wema ule ule aliokuwa nao yeye Jumanne ile, na Uweso akamtazama Msafiri akamwona Kombo kesho, amevaa, anapanda, na jina lake liko hapa limefundishwa. "Acha," alisema, sauti ikatoka ndogo, akarudia, "Msafiri, acha wazi hapo. Andika hayupo. Nafasi yake nitaipigania mimi kwa mdomo, na akirudi asipande mpaka nimemsomea." Msafiri akabaki na kalamu hewani kama aliyeambiwa jambo la aibu. Watu wakatazamana. Nehemia akahamisha faili kwapa la pili, akasema haya mzee, endelea, jua hilo, na Uweso akarudisha kidole kwenye mstari, kifungu cha saba, badiliko lolote afundishwe kila mfanyakazi mwenyewe, akakisoma polepole, safari hii akisikia, na alikwishajua atakachokiandika kwenye ule mstari mtupu, Rahimu hakuwepo, alikuwa kwenye maziko, nilimsainia mimi, na atakiandika kwa mkono huu huu, na R ile ile, waziweke kando kwa kando wazitazame.